Vitanda Sita kwa Watu Watatu

Obare wa Awendo aliendesha trekta la miwa miaka thelathini na sita, na katika miaka hiyo yote hakufika popote. Si kwamba hakusafiri. Alisafiri kila siku ya Mungu, kutoka mashambani hadi mzani wa kiwanda na kurudi, trela likidondosha miwa kila penye tuta na watoto wa shule wakilifukuzia nyuma. Siku moja aliketi akapiga hesabu, akagundua kwamba kilomita zake zikiunganishwa, ameizunguka dunia zaidi ya mara moja. Hesabu ile ilimuuma sana. Mtu aizunguke dunia nzima asione kitu ila soko la Ranen!

Alipostaafu, akiwa na miaka sitini na goti moja lililochoshwa na klachi, wenzake walimshauri afanye wafanyavyo wastaafu: afuge kuku, agombee cheo kanisani, au aketi sokoni alaumu serikali. Obare akakataa. Alitaka kupanda treni. Alitaka treni ndefu ya kukata nchi kubwa toka upande hadi upande, yeye ameketi dirishani na mkewe Dorine, mikono mapajani, bila usukani wa kushika wala meneja wa kumpigia kelele. Safari hiyo alimwahidi Dorine wakati anamchumbia. Mwanamume anayechumbia huahidi lolote linalompitia kichwani, akitumaini litasahaulika. Dorine hakusahau. Kila mwaka, miaka thelathini na minne, alikuwa anauliza kwa upole, "Baba Sheila, ile treni imefika wapi?"

Huku kwetu Migori, Kenya, treni hatuna. Lakini Tanzania tunayo mlangoni, na ni nchi kubwa kweli. Ukivuka mpaka wa Sirari ukafika Mwanza, unapanda treni ziwani unashuka baharini, na katikati kuna Shinyanga, Tabora, Dodoma na majina mengine ambayo Obare aliyatamka taratibu, kama mtu anayeonja asali. Alichana gunia la sukari, akalipigilia misumari ukutani sebuleni, akachora reli yote kwa makaa. Wageni waliokuja kunywa chai walisafirishwa kwanza hadi Dar es Salaam ndipo wakapewa kikombe.

Mipango yake ilikuwa ya dereva wa miwa, maana hakujua mingine. Alipima safari nzima kwa mwendo wa trekta, akapata siku tano na robo bila kuhesabu pancha, halafu akafurahi kusikia treni ingemaliza kwa siku mbili tu. Alichemsha mayai kumi na mawili akawa anakula moja asubuhi na moja jioni, ajue yai la kuchemsha linaweza kufika wapi bila kuharibika. Jibu lilikuwa Dodoma. Yai la baada ya Dodoma lilimlaza siku nzima, na Dorine alimhudumia akiwa amebana midomo asicheke. Kisha, ili ajizoeze kulala kitu kikienda, alimwomba dereva mmoja kijana ambebe ndani ya trela tupu toka kiwandani hadi Uriri. Alirudi na nundu mbili kichwani, akaandika kwenye daftari lake: "Mto ni lazima."

Dorine aliyavumilia hayo yote. Yeye alikuwa na sharti moja tu.

"Bila mama siendi," alisema.

Mama yake, Priscah, aliishi Lambwe, na alikuwa na miaka sabini na sita. Alikuwa na dada mmoja tu duniani, Mellen, aliyeolewa Tabora zamani, na kwa miaka ishirini na sita walikuwa wanaonana kwa simu. Kila Jumapili mmoja alipiga kelele Lambwe na mwingine akapiga kelele Tabora, wote wawili wakiamini kwamba mbali kote huko sauti ya kawaida haiwezi kufika. Sasa miguu ya Mellen ilikuwa imekataa. Kama Priscah hataenda, hawataonana tena, na wote wawili walilijua hilo, ingawa walipenda kusema, "Tutaonana mwakani." Dorine alitaka wamwache mama Tabora kwa dadake, wao waendelee hadi baharini, wamchukue wakirudi.

"Sawa kabisa!" Obare alijibu kabla mkewe hajamaliza sentensi. Ukimsikia mtu amekubali haraka hivyo, ujue hajafikiri.

Tiketi zilinunuliwa na Nyamhanga, Mkuria mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Kegonga, aliyevuka mpaka kama mtu anayevuka uwanja wa nyumbani kwake. Alipiga simu kutoka stesheni ya Mwanza.

"Mzee Obare, sikia. Huku kuna daraja la pili kulala. Chumba kimoja vitanda sita, vitatu huku, vitatu huku, kimoja juu ya kingine. Lakini wanaume wanalala kivyao na wanawake kivyao. Ukitaka kukaa na mama watoto, nunua chumba kizima."

"Nunua!" Obare alisema.

"Vitanda sita? Kwani mko wangapi?"

"Watatu."

"Sasa hivyo vingine?"

"Vitalaliwa na mizigo. Nunua, bwana, nimengoja miaka thelathini na minne."

Nyamhanga akanunua. Hakuuliza huyo wa tatu ni nani. Angeuliza, mambo yangeishia palepale, maana Wakuria nao wana mama wakwe na wanajua adabu zao.

Obare alipoishika tiketi mkononi, furaha ilimzidi. Aliona haifai watu kwenda kuanza kuhangaika Mwanza, huyu anatafuta kitanda, huyu anatafuta mlango. Akatangaza mazoezi. Jumamosi asubuhi alitoka uwanjani na kamba na vijiti, vile vile vinavyotumika kupimia shamba la miwa, akapima chumba cha treni kwenye nyasi. Aliazima mabenchi sita kanisani, akayapanga matatu kila upande. Kwa kuwa hakuweza kuyapandanisha, aliweka karatasi juu ya kila moja: CHINI, KATI, JUU, na jina la mwenyewe. Majirani wakaanza kujikusanya. Elijah, mzee wa kanisa aliyeazimisha mabenchi, alikuja kuyalinda, au ndivyo alivyosema.

Priscah aliletwa kutoka Lambwe kwa ajili ya mazoezi. Alifikia kwa mjane mmoja jirani, kama alivyofikia kila mara tangu bintiye aolewe. Na hapo ndipo ninapomshangaa Obare mpaka leo. Kwetu Waluo mama mkwe halali nyumbani kwa mkwe wake. Hawapeani mikono, hawali pamoja, wakikutana njiani mmoja huona ghafla kuna kitu cha muhimu upande mwingine. Wakilala chini ya paa moja, ni aibu, na wazee wengine watakuambia ni chira, balaa linalomkondesha mtu aliyevunja mwiko mpaka amalizike. Obare alilijua hilo vizuri kuliko jina lake. Ni yeye mwenyewe aliyempelekea yule mjane kuni za kumpashia mama mkwe maji ya kuoga! Lakini kichwa chake kilikuwa kimejaa reli, na panapojaa reli hapana nafasi ya mama mkwe.

Priscah alisimama nje ya kamba, leso begani, uso ameuelekeza kwenye ghala.

"Dorine," aliuliza, "huyu bwana yako amechora nini?"

"Ni chumba cha treni, mama. Hapa chini ndio kitanda yako, kwa sababu ya miguu yako. Hapa ng'ambo ni mimi."

"Na hapa juu yangu?"

Dorine aliinama asome karatasi. Aliisoma, akainuka polepole, akamtazama mumewe kwa macho ambayo Obare hakuwahi kuyaona hata siku ile alipomuuza mbuzi wake bila kumwambia. Kwa maana Obare, akitafuta kitanda ambacho atalala akiuona uso wa mkewe, alikuwa amejipanga juu ya mama mkwe wake.

Halafu mtu mmoja nyuma akaguna, mwingine akaziba mdomo kwa kofia, na uwanja mzima ukaangua kicheko ambacho Awendo bado inakizungumzia. Obare alisimama katikati ya kamba zake, jasho likimtoka kama mkata miwa wa mchana.

Elijah, akiona mwenzake anazama, alijaribu kumwokoa. "Yawa, jamani, tusiharakishe," alisema. "Nyumba ni ile iko na mwenyewe na iko na jiko. Treni ni ya serikali. Haiwezi kuitwa nyumba."

Priscah aliliambia ghala, "Hospitali pia ni ya serikali. Na wanaume wanalala wodi yao."

Elijah akakumbuka mabenchi yake.

"Mwambieni Mellen nampenda," Priscah alisema. "Mimi nitabaki. Mambo ya kuonana tutaonana mbinguni, huko wanasema hakuna kuoa wala kuolewa, kwa hivyo hakuna wakwe." Akajifunga leso vizuri, akaenda zake kwa mjane bila kugeuka.

Hapo kicheko kilikwisha. Dorine alingoja mpaka watu watawanyike, akaanza kung'oa vijiti kimoja kimoja.

"Ulipanga mpaka mayai," alisema. "Mama yangu hukumpanga."

Obare akainama kukunja kamba zake. Jambo lililomchoma zaidi hakulisema. Tangu mwanzo aliamini kwamba Priscah alimdharau. Binti yake alikuwa amesoma mpaka kidato cha nne, akaja kuolewa na dereva wa trekta mwenye mafuta kwenye kucha. Miaka yote mama mkwe hakumtazama usoni, na ingawa desturi ndiyo iliyosema hivyo, Obare alihisi kwamba Priscah aliifuata desturi kwa moyo mkunjufu mno. Sasa amempa sababu ya kumdharau mbele ya nusu ya Awendo.

Walijaribu kubadilisha tiketi. Nyamhanga akasema ni Desemba, vyumba vyote vimejaa, nafasi zilizobaki ni za kuketi tu, daraja la tatu. Mwishowe ni Dorine aliyepata dawa: pazia. Alishona shuka mbili nzito za kijani pamoja, akatia kamba. Mama upande huu, wao upande ule, pazia katikati liwe ukuta. Alikwenda Lambwe akamweleza mama yake, akidhani atabishana naye siku tatu. Priscah akasema, "Pazia ni sawa." Alirudi akamwambia mumewe. Obare naye akasema, "Pazia ni sawa." Dorine akamshukuru Mungu kwa kumpa watu waelewa. Mwanamke mwenye akili kama yake, hata hakujiuliza wakaidi wawili wameanza lini kukubaliana.

Kwa maana Obare alikuwa ameshaamua. Shuka si ukuta. Mama Priscah angelala macho wazi hadi Tabora, amekakamaa kama gogo, akimsikia mkwe wake akikoroma, na Obare alikoroma, alishaambiwa. Dada wawili wangekutana baada ya miaka ishirini na sita, mmoja akiwa amejaa aibu. Hapana. Angengoja treni iondoke, atoke kidogo, akaketi daraja la tatu na asirudi. Dirisha na Dorine angelipata baada ya Tabora, kama Dorine atakuwa bado anamsemesha. Heshima si utumwa, alijiambia, ingawa goti lake halikukubaliana naye.

Basi wakavuka Sirari, wakalala Mwanza kwa Mluo mmoja wa kanisa lao, Priscah akipelekwa nyumba nyingine, na kesho yake alasiri wakaingia kwenye treni. Chumba kilikuwa kizuri kuliko gunia la ukutani lilivyowahi kusema. Dorine alitundika pazia, akaupiga mto wa kila kitanda, hata vile vya mizigo. Priscah aliketi upande wake. Obare alisimama upande wake. Pazia likaning'inia katikati, na kila mmoja alikohoa kwa zamu. Kisha Priscah akasema anakwenda choo, akatoka.

Treni ikashtuka, ikaanza kuondoka.

"Wacha nione injini kidogo," Obare alisema. "Unajua mimi na injini."

"Sasa hivi? Dirisha ndio hii!" Dorine alisema.

"Narudi," alisema, akatoka.

Alipita mabehewa manne akijishika ukutani. Daraja la tatu lilikuwa limejaa watu, magunia ya mchele, madumu, na mama mmoja mnene wa Shinyanga aliyekuwa na jogoo ndani ya kikapu. Mbele yake palikuwa na nafasi, kando ya dirisha. Obare akaketi. Hakuwa amefikisha hata dakika kumi mkaguzi alipofika, kijana nadhifu wa kofia.

"Shikamoo mzee."

"Asante," Obare alijibu, maana kwetu salamu hiyo hatuna mazoea nayo.

Mkaguzi alitazama tiketi, akaigeuza, akaitazama tena. "Mzee wangu, hii ni ya chumba kizima cha kulala. Umepotea? Watu wananililia niwapandishe huko, wewe umejishusha mwenyewe?"

"Niko sawa hapa."

"Leo ni siku gani?" mkaguzi akasema, akijikuna shingo. "Wewe wa pili. Na chumba ni hikihiki! Bibi yule pale naye ana kitanda, kakataa katakata kurudi."

Obare aligeuka. Upande wa pili wa njia, nyuma ya mama mwenye jogoo, amejifunika leso mpaka kwenye nyusi, mkoba mdogo mapajani, alikuwa ameketi Priscah.

Wote wawili, kwa mara moja, waliona kuna jambo la muhimu sana dirishani. Obare alitazama lake, Priscah lake. Obare alifikiria kuhama behewa, lakini angepita mbele yake. Alifikiria kuruka, lakini treni ilikuwa imeshika mwendo.

Hatimaye Priscah akamgusa mama mwenye jogoo begani.

"Mama," alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni, "mwambie huyo mzee arudi kwa bibi yake. Mimi nilitoka ili nimwachie chumba."

"Mwambie mwenyewe bibi, si huyo hapo?"

"Huyo ni mkwe wangu. Ameoa msichana yangu."

"Aa!" Mama wa Shinyanga alielewa mara moja, akajikalisha vizuri kama balozi aliyepata kazi. "Kaka, mama mkwe wako anasema rudi kwa mkeo."

"Mwambie," Obare alisema kwa dirisha, "mimi ndio nilitoka nimwachie. Arudi, alale, miguu yake ni mbaya."

"Bibi, anasema..."

"Nimesikia." Priscah alijivuta leso. Reli zikagonga chini yao. Aliposema tena, sauti ilikuwa imeshuka, na yule mama alilazimika kumsogelea. "Mwambie hivi. Siku wamekuja kuoa, watu wa Lambwe waliniambia dereva ni mtu hana adabu. Mimi nikaomba Mungu, nipe mkwe mwenye hatanidharau. Miaka thelathini na nne nimekuwa nikiangalia kama Mungu alisikia. Sasa mwambie alisikia."

Mama mwenye jogoo alifungua mdomo apeleke ujumbe, akamtazama Obare, akaufunga. Obare alikuwa amelisogelea dirisha mpaka paji la uso limegusa kioo, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Alilia bila kuficha, dereva wa miwa mwenye miaka sitini na moja, na jogoo akamtazama kwa jicho moja.

Ndipo mlango wa behewa ulipofunguliwa kwa kishindo. Dorine aliingia akiwa amelibeba begi moja mbele, moja nyuma, na mto kwapani. Alikuwa ameketi peke yake kwenye vitanda sita mpaka akapita mkaguzi na kumwambia mahali watu wake walipo, akicheka. Alimwona mumewe. Alimwona mama yake. Pumzi zikampanda.

"Nimezaliwa na huyu!" alisema, akiwaambia abiria wote. "Nimeolewa na huyu! Na wote wamenikimbia! Mimi nimekosea nani?"

Behewa zima likawageukia wale wakosaji wawili. Mama wa Shinyanga, ambaye sasa aliihesabu familia ile kuwa yake, alilivuta gunia lake la mchele, akampisha Priscah asogee karibu, akampa Dorine nafasi katikati.

"Kaa, dada," alisema. "Hawakukukimbia. Walikuwa wanaheshimiana, na ukali wa heshima yao umekupitia wewe."

Dorine akaketi, bado amenuna, mama yake kulia, mumewe kushoto. Mkaguzi alikwenda akakifunga kile chumba, na vitanda sita vikasafiri kwenda Tabora bila mtu. Hapa hapakuwa nyumbani kwa mtu yeyote, na mtu kuketi mbele ya mkwe wake mahali penye watu mia hakujawahi kumdhuru yeyote, si sokoni wala kanisani. Nje, nchi ilikuwa inafunguka, tambarare pana yenye miamba iliyopandana na ng'ombe wengi mno, na Obare akamwonyesha Dorine kwa kidole. Dorine akasahau kununa. "Mama, ona!" alisema. Priscah akainama mbele aone.

Mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni, ndivyo tulivyofundishwa. Lakini hakuna mzee aliyewahi kukataza wakwe kutazama dirisha moja, na wale wawili walilitazama mpaka stesheni ya Malampaka.